Shimo Nalo Lina Ufuko

Mama hakusoma fizikia. Aliniambia tu, pale Igombe:
tandaza tabaka moja.
Dagaa wakipandana wananuka kabla ya adhuhuri.
Ubavu kwa ubavu, basi,
mchanga wote ukigeuka ngozi ya fedha
isiyo na kina.

Leo niko Nyegezi, chumba cha nyuma cha maabara,
feni imekufa tangu Machi,
na kazi yangu ni ileile.
Nabandika selotepu juu ya grafiti, nabandua,
nabandika, nabandua,
mpaka ubaki utando wa unene wa atomu moja.
"Umeuona?" huuliza Ng'hwani, fundi wetu.
Sijauona. Nimeona zambarau ya kioo
ikififia nusu pumzi.

Walisema utando mwembamba hivi hauwezi kuwa sumaku:
joto likipita kidogo tu, kila chembe ingegeukia kwake,
kama wachuuzi wa Mwaloni boti inapochelewa.
Nani angewapanga mstari mmoja
bila tabaka la juu kuwakandamiza?
Kumbe chembe zikiwa na upande zinaoupenda,
juu au chini, kando hapana,
zinatulia, jirani akimsikiliza jirani.
Kromi na iodini, katika baridi
ya kupita digrii mia mbili chini ya sifuri.
Jokofu la namna hiyo hatuna. Nimesoma tu.
Nilicho nacho ni sumaku ya spika ya redio
aliyoivunja Shija, mdogo wetu, aliyetufuata sisi mapacha.
Aliiburuta ufukoni kwa kamba ya katani
ikaota ndevu nyeusi za mchanga wa chuma,
naye akaapa kuwa ziwa lina babu chini yake.

Halafu kuna zile nyingine, zinazoninyima usingizi:
katikati kumekufa ganzi, umeme haupiti,
ila ukingoni, ukingoni tu, unakwenda
upande mmoja
wala haurudi.
Uwekee jiwe, utalizunguka.
Kata ukingo kwa mkasi, utafuata mkato.
Ufa, uchafu, atomu iliyokosekana: haujali.
Kinachoulinda hakikai ukingoni,
ni hesabu iliyofichwa ndani ya utando mzima,
namba kamili, isiyo na nusu.
Huwezi kuivunja kidogo.

Jumamosi nilimchorea mama haya kwenye mchanga,
duara, na mshale ukilizunguka.
Alitazama kama anayepimiwa samaki kwa mizani ya wizi.
Akaokota kijiti,
akatoboa katikati ya duara langu.
"Na hapa?"

Sikuwa nimefika hapo. Nilijibu polepole:
shimo nalo lina ufuko wake, mama.
Mkondo unazunguka na hapo,
kinyume na ule wa nje.

Hakusema kitu.
Mwaka wa tisa huu boti ya Shija
haijarudi kutoka upande wa Ukerewe.
Kila alfajiri mama hufuata maji kuelekea Kayenze,
anaruka majabali, anapita magugu maji,
ukimuuliza anasema anatafuta kuni.
Pacha wangu Kulwa yuko Geita, hapigi simu mwezi Juni.
Na mimi nimejifungia na karatasi zisizo na unene,
nikidhani nimechagua somo.

Jiwe lile pale majini, lililotiwa chokaa na ndege,
maji yaliligonga, yakaligawana, yakakutana nyuma yake.
Nilitaka kumweleza kuwa huo si mfano mzuri,
kwamba maji hurudi, hurudi sana,
mkondo ninaousema mimi hauna njia ya kurudia.

"Wageuze hao," akasema,
"upande wa pili haujakauka."

Nikainama. Sumaku mfukoni
ilikuwa imekamata funguo zangu zote.